Mwamuzi Mbele ya Sinema

Michezo na sinema ni watoto wa mama mmoja, na jina la mama huyo ni mapumziko. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa huwaendea watoto hawa ili moyo wake upate kupumua. Hata hivyo, hawakulelewa sawasawa. Mchezo umewekewa sheria, ukapewa mwamuzi na washika vibendera, na hesabu ya magoli huandikwa mbele ya macho ya watu wote. Sinema haina mwamuzi. Watazamaji elfu mmoja wa mpira huwa mahakimu elfu mmoja. Watazamaji hao hao wakiketi mbele ya sinema, taa zikizimwa, hunyamaza na kuamini. Insha hii yataka kuonyesha kwamba shabiki wa michezo anayo tayari mizani ya kupimia sinema, na kwamba ni hasara kubwa kwake kuiacha mizani hiyo mlangoni.

Twaa mfano wa kijana wa Mghange, juu katika vilima vya Taita. Ardhi ya huko imeinama. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi, na mahali tambarare pa kutosha uwanja wa mpira ni tunu. Mpira uliopigwa vibaya huteremka bondeni, na aliyeupiga ndiye huufuata. Katika uwanja wa namna hiyo kijana hujifunza haki mapema sana. Timu inayocheza kuelekea mteremkoni ina faida, basi kipindi cha pili pande hubadilishwa, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa sababu yake. Kijana huyo anajua maana ya kuotea. Anajua tofauti ya mpira uliougonga mkono na mkono ulioufuata mpira. Penalti ikitolewa kimakosa katika ligi ya Uingereza, anayoitazama Jumamosi pamoja na wenzake katika chumba cha kulipia kiingilio, atabisha juu yake mpaka Jumatano.

Lakini kijana huyo huyo akionyeshwa filamu, hoja zake hukoma. Ukimwuliza kesho yake filamu ilikuwaje, atajibu kwamba ilikuwa nzuri au kwamba ilichosha, na huo ndio mwisho wa hukumu. Aliyebisha siku tano juu ya goli moja hana neno moja juu ya saa mbili za maisha yake. Sababu si uchache wa akili. Sababu ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa maswali yake ya uwanjani yafaa na huku. Nayo ni matatu: Mchezo umechezwa katika uwanja gani? Ni nani hasa waliocheza? Na hesabu iliyotangazwa ni ya kweli?

Ili tuone kwamba maswali haya si ya kubuni, tuikumbuke redio. Kwa miaka mingi mpira wa Kenya uliwafikia watu wa mbali kwa sauti tu. Miongoni mwa waliousimulia ni Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyefariki mwaka 2025. Yeye pia ndiye mwenye kipindi maarufu cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966, ambamo tabia za watu ziliwekwa mizanini kwa swali hilo moja. Mfikirie msikilizaji aliye mlimani, redio ikiwa sikioni, na uwanja ukiwa Nairobi. Haoni jezi wala nyavu. Yote ayajuayo ni yale aambiwayo. Mtangazaji anayo ruhusa ya kuipamba lugha yake, kupaza sauti, kurefusha neno goli mpaka pumzi imwishie. Hana ruhusa ya kulitoa goli kwa aliyelifunga na kumpa mwingine. Mapambo ni haki yake. Goli ni haki ya mfungaji. Mtengeneza filamu naye ni mtangazaji wa namna hiyo, kwa kuwa huwasimulia watu walio mbali na uwanja habari za uwanja wasiouona.

Sasa tuzipime filamu mbili, moja ya nchi yetu wenyewe na moja ya mchezo hasa.

Filamu ya kwanza ni The Ghost and the Darkness, iliyotolewa Marekani mwaka 1996 na kuongozwa na Stephen Hopkins. Habari yake ni ya Tsavo, katika njia ya reli kati ya Voi na Mtito Andei. Siku isiyo na ukungu, mtu aliye katika vilima vya Taita huziona nyika za Tsavo zikienea chini yake. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mto Tsavo mwaka 1898, na Luteni Kanali John Henry Patterson akaletwa kusimamia ujenzi wa daraja. Tangu Machi hadi Desemba ya mwaka huo simba madume wawili waliinyemelea kambi usiku, wakiwaburura vibarua kutoka mahemani. Patterson alimwua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Kwa muda mrefu ngozi zao zilikuwa matandiko ya sakafu nyumbani kwake, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa Makumbusho ya Field ya Chicago kwa dola 5,000. Huko wako hadi leo, wamejazwa na kusimamishwa kama walio hai.

Haki yataka kutaja sifa kabla ya kasoro. Filamu hii inajua kutisha. Haimleti simba kwa pupa. Kwanza huyatikisa majani, kisha huleta kimya, kisha ngurumo ambayo mtazamaji hajui yatoka upande gani. Sauti zake zilitengenezwa kwa ustadi hata zikapata tuzo ya Oscar ya kazi hiyo. Mtu aliyelala karibu na nyika atakiri kwamba hofu ya usiku huingia kwa sikio kabla ya jicho. Kadhalika John Kani, mwigizaji mashuhuri wa Afrika Kusini, amecheza sehemu ya Samuel kwa utulivu na heshima.

Hata hivyo, tulete maswali yetu. Uwanja ni upi? Si Tsavo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Jambo hilo peke yake si kosa, maana timu huweza kucheza ugenini na kucheza vizuri. Lakini hata simba ni wageni. Wale wa mwaka 1898 hawakuwa na manyoya marefu ya shingoni, kama walivyo madume wengi wa Tsavo mpaka leo. Simba wa filamu wana manyoya tele, kwa sababu ndivyo mtazamaji wa mbali alivyozoea kumwona simba katika picha. Badala ya kumfundisha mtazamaji jambo jipya juu ya nchi hii, filamu imeibadilisha nchi ili ilingane na asichokijua.

Waliocheza ni nani? Hapa kasoro ni kubwa zaidi. Filamu inaleta mwindaji wa Kimarekani aitwaye Charles Remington, aliyechezwa na Michael Douglas, naye huwa nguzo ya msako. Mtu huyo hakuwapo. Amebuniwa na kuingizwa uwanjani kama mchezaji asiyeandikishwa, tena akapewa nafasi ya mbele. Upande wa pili, Wataita, ambao vilima vyao vinaitazama nyika hiyo na ambao waliijua kabla ya reli kufikiriwa, hawakupewa sehemu yoyote ya maana. Vibarua Wahindi, waliobeba mawe na chuma cha daraja, ni umati wa kuogopa na kuliwa. Lakini kitabu cha Patterson mwenyewe, kilichotolewa mwaka 1907, kinaeleza jinsi vibarua walivyolala juu ya reli, wakalisimamisha garimoshi, wakapanda na kuondoka Tsavo. Watu mamia walikubaliana kwa neno moja, wakahatarisha miili yao mbele ya magurudumu ili wauokoe uhai wao. Mtengeneza filamu mwenye jicho pevu angeona kwamba hapo ndipo palipokuwa na mchezo mkubwa kuliko wa bunduki. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika filamu hii jambo limegeuka: waliokuwapo wamenyimwa lao, na asiyekuwapo amepewa.

Na hesabu je? Katika kitabu chake Patterson aliandika kwamba Wahindi 28 waliuawa, pamoja na Waafrika ambao idadi yao haikuandikwa. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Uchunguzi wa mifupa na nywele za simba hao, uliotangazwa mwaka 2009, ulikadiria watu 35 hivi walioliwa. Wataalamu wataendelea kubishana, na hilo si ajabu. La kuhuzunisha ni lile neno dogo, haikuandikwa. Magoli ya upande mmoja yaliandikwa katika daftari, na ya upande wa pili yakaachwa hewani. Filamu ilikuja miaka 98 baada ya tukio, ikiwa na fedha nyingi na nafasi ya karibu saa mbili. Ingeweza kuliuliza pengo hilo swali moja. Haikuuliza.

Najua msomaji hodari atainua mkono na kusema: sinema ni hadithi, si gazeti, mtunzi ana ruhusa ya kubuni. Hoja hii ni njema na yastahili jibu njema. Katika mpira kuna chenga na kuna kunawa. Chenga ni hila. Mchezaji huonyesha mwili wake kwamba anakwenda kushoto, naye akaenda kulia. Mpinzani hudanganyika, na watazamaji hushangilia, kwa maana sheria haikuvunjwa. Kunawa pia ni hila, lakini sheria imevunjwa, hata kama mwamuzi hakuona. Ubunifu wa hadithi ni chenga. Lau filamu hii ingetuambia kwamba imetunga hadithi ya simba wawili, Remington angekuwa chenga tu, tena chenga nzuri. Lakini msimulizi anatuhakikishia mwanzoni kwamba tutakayoyaona ni ya kweli, na maneno ya mwisho yanatupeleka Chicago tukawaone simba wale wale. Kuapa kwamba ni kweli, kisha kumpa mtu wa kubuni kazi ya mtu halisi, huko ni kunawa.

Wala filamu hiyo si ya kwanza. Simba wa Tsavo walikwisha kutiwa katika Bwana Devil, filamu iliyotolewa Marekani mwaka 1952, ambayo watu waliitazama kwa miwani maalumu ili waone picha zikiwajia usoni. Simba alionekana kana kwamba anawarukia watazamaji. Wenye nchi hawakusogezwa mbele hata hatua moja.

Filamu ya pili ni Queen of Katwe, iliyotolewa mwaka 2016 na kuongozwa na Mira Nair. Inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, mtaa wa watu maskini wa Kampala. Aliuza mahindi ili kumsaidia mama yake, kisha akajifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende, aliyewakusanya watoto na kuwapa uji na mchezo pamoja. Phiona aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya Olimpiadi ya sataranji, kwanza Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, kisha Istanbul mwaka 2012, na huko akapata cheo.

Tuulize tena. Uwanja ni upi? Sehemu kubwa ilipigwa Kampala na Katwe yenyewe, ingawa sehemu nyingine zilipigwa Johannesburg. Mwongozaji naye si mpita njia. Ameishi Kampala kwa miaka mingi na kuanzisha huko mafunzo ya vijana watengenezao filamu. Matope yake ni matope ya kweli. Mvua inapoingia nyumbani mwa Harriet, mama yake Phiona, mtazamaji wa Afrika Mashariki huona pia namna watu wanavyoinua vitu vyao, na hujua kwamba aliyepanga onyesho hilo aliwahi kutazama kwa makini. Mcheza kwao hutunzwa, na filamu hii imetunzwa kwa sababu hiyo.

Waliocheza ni nani? Sehemu ya Phiona ilichezwa na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwahi kuigiza katika filamu kabla ya hapo. Lupita Nyong'o, Mkenya, amekuwa Harriet, na David Oyelowo amekuwa Katende. Nyong'o ndiye aliyebeba mzigo mzito kuliko wote, na ameubeba bila ya kuuonyesha. Harriet wake hana hotuba ndefu. Anauza kitenge chake akanunua mafuta ya taa binti yake apate kusoma usiku, na shingo yake hainami. Na mwisho wa filamu kuna jambo ambalo kila shabiki wa mchezo atalitambua: waigizaji wanasimama mmoja mmoja kando ya watu halisi ambao sehemu zao wamezicheza. Ni kama timu mbili zinazopeana mikono baada ya filimbi. Filamu inakiri kwamba goli ni la mfungaji.

Na hesabu? Filamu haikuficha kufungwa. Phiona anakwenda Urusi akiwa na sifa za nyumbani, na huko anashindwa, analia, anataka kuuacha mchezo. Filamu nyingi za michezo hutumia kushindwa kama ngazi ya kupandia furaha ya mwisho, na kuipita upesi. Hii inakaa nayo. Inamwonyesha msichana ambaye ameona hoteli na nchi ya mbali, na sasa anarudi katika chumba kilekile, asijue tena mahali pake ni wapi. Kwa kijana aliyewahi kurudi kutoka mashindano ya shule akiwa amefungwa, huku mji mzima ukijua, sehemu hiyo ina faida kuliko ushindi wote wa mwisho. Katika sataranji kete ndogo kuliko zote, ikivuka ubao mpaka mstari wa mwisho, hugeuka malkia. Lakini lazima ivuke nyumba kwa nyumba, na njiani yaweza kuliwa. Filamu imeitunza sehemu ya pili ya kanuni hiyo, ambayo wasifu wengi huisahau.

Lakini mwamuzi hapendelei. Filamu hii nayo ina makosa. Kiingereza kimetawala vinywa vya watu wa Katwe, na Kiganda, lugha yao ya nyumbani, kinasikika kwa uchache mno. Tena mchezo wenyewe haukufafanuliwa vya kutosha. Twaona mikono ikisogeza kete upesi na saa ikipigwa, lakini asiyejua sataranji hawezi kufuata ni kwa akili gani mchezo uliokuwa unapotea umegeuka. Ni kama kuonyeshwa nyuso za mashabiki wakishangilia bila ya kuonyeshwa mpira. Hatimaye furaha ya mwisho imetiwa sukari nyingi, hata mtazamaji aweza kusahau kwamba watoto wengi wa Katwe hawakupata ubao wala mwalimu. Haya ni makosa ya kweli. Lakini ni makosa ya mchezaji aliyekosa pasi, si ya mchezaji aliyenawa.

Tofauti ya filamu hizi mbili, basi, si kwamba moja inasisimua na nyingine inafundisha. Zote mbili zinasisimua. Tofauti ni kwamba moja imewaweka wenye uwanja pembeni, wakiokota mipira inayotoka nje, na nyingine imewaweka katikati. Nalo si jambo la heshima tu. Kijana anayeona mara kwa mara kwamba katika nchi yake kila tendo kubwa lilitendwa na mgeni, mwisho huamini kwamba kazi yake duniani ni kutazama. Hapigwi wala hakatazwi. Anazoezwa polepole kukaa nje ya mstari. Uwanjani asingekubali. Mwite kijana wa Mghange umwambie kwamba goli alilofunga jana limeandikwa kwa jina la mtu ambaye hakuwapo, uone atakavyokujibu. Jibu lilo hilo ndilo alitoe mbele ya sinema.

Wala simwambii aache kuzitazama filamu za simba. Azitazame, aogope inapofaa kuogopa, asifu sauti na picha zinazostahili sifa. Lakini taa ziwakapo asitoke amefumba kinywa. Awaulize wenzake ni nani aliyecheza, ni wapi, na hesabu ilikuwaje, kisha wabishane kwa bidii ile ile wanayobishana nayo juu ya penalti. Na ikiwa miongoni mwao kuna mwenye kalamu, habari ya vibarua waliolala juu ya reli ya Tsavo ingali inangoja mtu wa kuisimulia, na wale ambao idadi yao haikuandikwa wangali wanangoja mwenye daftari.